Gari la Hajji na Mitamba Kumi na Mmoja

Mkuu wa Karakana alisema sitamaliza wiki. Fundi wa breki alisema sitamaliza siku. Wazee wa Korbesa, kijiji nilikozaliwa, walisema chuma hakizai, na kijana anayeacha ng'ombe akafuata chuma atarudi mikono mitupu, tena imepakwa grisi. Nayaandika haya mapema ili vijana wanaosoma wajue kwamba niliyasikia yote. Sikuwa kiziwi. Leo diploma yangu iko ukutani katika fremu ya kioo, na wote waliosema hayo hawana hata msumari wa kuitundikia.

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali mjini Isiolo ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa kutoka Meru, koti la khaki, penseli nyuma ya sikio. Alinitazama miguu kwanza, maana nilikuwa nimevaa akala za tairi.

"Umetoka wapi?"

"Korbesa, bwana mkubwa."

"Korbesa kuna gari?"

"Hupita moja, bwana mkubwa. Mara nyingine."

"Na wewe ukaiona ikipita, ukaamua wewe ni mekanika."

Aliniweka kwenye karai la petroli nioshe vipuri. Niliosha kwa miaka miwili. Wenzangu walicheka, lakini mwenye akili huokota elimu hata karaini. Kabureta, pampu, gia, vyote vilipita mikononi mwangu kipande kwa kipande, na kabla sijaruhusiwa kushika spana nilikuwa naijua injini kama mchinjaji anavyozijua mbavu.

Siku moja jokofu la chanjo la ofisi ya mifugo lilikufa. Mafundi wote walilizunguka wakilitikisa. Mimi niliona waya mmoja umeliwa na panya, nikauunga. Afisa wa Mifugo, aliyekuwa karibu kulia kwa sababu ya chanjo zake, hakunisahau. Miezi kadhaa baadaye alinitafutia nafasi ya chuo Uingereza, nisomee umeme wa magari na mitambo ya ubaridi. Karo ingelipwa. Tiketi ya ndege na matumizi ya mwaka wa kwanza vilikuwa juu yangu, na mimi nilikuwa na akala.

Ndipo mzee wangu alipozunguka Korbesa. Nyumba kumi na moja zilimpa kila moja mtamba mmoja, tukawauza wote sokoni Isiolo. Haikuwa zawadi wala mchango. Ilikuwa azima, na kwetu mtamba wa kuazima hurudi akiwa na mimba, kwa sababu kama angebaki kwa mwenyewe angekuwa ameshazaa. Mzee wangu alisimama mdhamini. Tangu siku nilipopanda ndege, alijiweka wa mwisho kunywesha mifugo kisimani. Zamu yake ya haki ilikuwa ya tatu. Hakuna aliyemwambia aiache. Alisema mtu aliyeshika mitamba ya watu kumi na mmoja hawezi kuwatangulia kwenye maji, akangoja mpaka wote wanyweshe, na ng'ombe wake wakanywa tope.

Kwa hiyo mnielewe ninapojisifu. Nilisoma Uingereza miaka mitatu nikiwaza tope lile. Nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa Mholanzi mmoja mwenye kitabu cha ziada.

Niliporudi, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilidhani nitapewa ofisi. Mkuu wa Karakana, penseli ileile, aliisoma diploma yangu pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu.

"Mitambo ya ubaridi," akasema. "Unajua mtambo wa ubaridi wa Landrover ya serikali ni nini?"

"Haupo, bwana mkubwa."

"Upo. Ni dirisha. Nenda kalifungue."

Akanipeleka Garba Tula kwenye greda, halafu Merti kwenye pampu ya maji. Mshahara ulinilisha. Lakini haukununua hata mkia wa mtamba. Baada ya mwaka na nusu niliacha kazi, nikakodi kibanda cha bati karibu na soko la mifugo Isiolo. Nikachora ubao. Niliandika diploma yangu yote, chuo, nchi na daraja nililopata, mpaka nafasi ya jina ikakosekana. Watu wakaniita Injinia kwa sababu hawakuwa na kingine cha kusoma.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa Hajji Warsame. Babu yake alikuja Isiolo akiwa askari wa wakoloni. Yeye mwenyewe alikuwa na malori kumi na mawili ya kubeba ng'ombe kwenda Nairobi. Alikuwa amenunua gari refu jeusi la kutoka Ulaya kwa mzungu aliyekuwa akihama nchi, na mji mzima haukuwa na jingine kama hilo.

"Salaam aleikum, Injinia," alisema akishuka huku akijifuta uso. "Gari yangu ina homa."

"Aleikum salaam, Hajji. Homa namna gani?"

"Inatetemeka baridi, halafu inachomeka, halafu inatetemeka tena. Kama ingekuwa mtu ningeipa dawa ya malaria."

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hubonyeza tu. Katika gari la kawaida wewe ndiye unayeamua: huku moto, huku baridi. Gari la Hajji lilijiamulia lenyewe. Ulizungusha kigurudumu chenye namba, ukaweka ishirini na mbili, ukaondoa mkono. Kwenye dashibodi mlikuwa na tundu lenye wavu, dogo kama kifungo cha shati, na nyuma yake kihisio, yaani kidude cha kupima joto. Kifeni kilivuta hewa ya ndani ya gari, ikapita tunduni juu ya kihisio. Kihisio kilipeleka habari kwenye kisanduku cha umeme, na kisanduku kikaamuru: fungua maji moto, funga maji moto, geuza mlango wa hewa. Milango hiyo ilisukumwa na nguvu ya kufyonza inayotoka kwenye injini, kupitia vibomba vyembamba vya mpira. Ulikuwa mtambo wa heshima. Nilikuwa mtu pekee kati ya Nanyuki na Moyale aliyeusomea, na nilimwambia Hajji hivyo, mara mbili.

"Vizuri," akasema. "Jumapili ya wiki ijayo wazee watatu wanatoka Garissa kuja kuposa binti yangu Halima. Nitawapeleka Rapsu kwa gari hii waone shamba langu la ndizi. Nikiwapika njiani, harusi hakuna. Ukitengeneza, malori yangu yote kumi na mawili utayahudumia wewe, na nitakulipa kwa mtamba mwenye mimba kila baada ya miezi mitatu. Najua habari ya mzee wako kule kisimani. Mji mdogo."

"Na nikishindwa?"

"Napeleka Nairobi. Na mji ni mdogo pia siku hiyo."

Nilianza kama chuo kinavyofundisha. Nikafunga mita za gesi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi: presha ilikuwa sawa, juu na chini. Nikafuata vibomba vya mpira kimoja kimoja kwa mdomo, nikifyonza kama mtoto wa mbuzi. Viwili vilikuwa vimepasuka kwa jua la Isiolo. Nikavibadilisha, nikanawa mikono na kumwita Hajji. Alikuja amevaa koti, shali na kofia ya kudarizi, kwa sababu nilikuwa nimemwonya kwamba kutakuwa na baridi. Tukashika barabara ya kwenda Leparua.

"Umesikia, Hajji?"

"Nasikia. Mashallah. Hii ni baridi ya Nanyuki kabisa."

Baada ya maili tatu akavua shali. Baada ya maili nne akavua kofia.

"Injinia, hii ni baridi gani inayotoa jasho?"

"Mtambo unajipanga, Hajji."

"Unajipanga wapi? Ndani ya soksi yangu?"

Nilisema ni kisanduku cha umeme. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na huo ndio ugonjwa wa wasomi: uhakika huja kabla ya ushahidi. Kisanduku kipya kikaletwa kutoka Nairobi na lori la Hajji, kikiwa mapajani mwa dereva kama yai. Nikakifunga. Jumatano tukatoka tena njia ileile. Baridi, jasho, baridi, jasho. Tuliporudi, Hajji alikaa garini muda, koti mkononi, shati limemganda mgongoni.

"Leo Jumatano," akasema. "Ijumaa baada ya swala naja kuchukua gari. Ikiwa nzima, alhamdulillahi. Ikiwa hivi, inaenda Nairobi."

Asubuhi ya Alhamisi Mkuu wa Karakana alipita kibandani. Hakuwa na shughuli upande ule. Alisimama, akasoma ubao wangu mpaka mwisho.

"Nasikia diploma inatoka jasho," akasema.

"Ni mtambo mgumu, bwana mkubwa." Nilikuwa nimejiajiri, lakini ulimi ulimwita hivyo wenyewe.

"Fungua dirisha, kijana. Serikali imefungua dirisha tangu uhuru."

Akaondoka polepole ili nipate muda wa kukasirika. Nilikasirika mpaka saa nane. Nilipima waya zote upya. Kihisio nilikipima kwa mita kutoka upande wa nyuma, kilikuwa kizima. Kifeni kilikuwa kinazunguka, nilikisikia. Kila kitu kilikuwa kizima na gari lilikuwa gonjwa. Nilianza kupiga hesabu ya kurudi Merti kwenye pampu, na ya mzee wangu kunywesha tope mpaka azeeke.

Saa kumi hivi alikuja Mama Halima, mke wa Hajji, chetezo mkononi chenye makaa yaliyowaka, na kopo la unsi. Unsi ni uvumba wa Kisomali: utomvu wenye harufu uliopikwa kwa sukari, kisha ukavunjwavunjwa. Kidonge kimoja kwenye kaa, nyumba nzima inanukia harusi.

"Salaam aleikum. Leo Alhamisi."

"Aleikum salaam, Mama. Najua ni Alhamisi. Nimeambiwa na kila mtu."

"Basi ondoka mlangoni. Gari haiwezi kuingia Ijumaa ikinuka grisi yako."

"Mama, nina kazi ndani ya gari hili. Injini inawaka."

"Iache iwake. Sikuja kwa injini."

Akaweka chetezo sakafuni mwa gari juu ya sinia, akatia vidonge vitatu, akafunga milango yote na vioo vyote. Alifanya hayo kwa mikono ya mtu aliyezoea.

"Hufanya hivi kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi tangu Hajji ainunue. Ilikuwa inanuka mbwa wa yule mzungu. Ulitaka niwaketishe wakwe kwenye mbwa?"

Nilibaki nimesimama nje ya kioo kama mtu anayetazama samaki. Moshi ulijaa ndani, mweupe, mzito, ukipanda kwenye viti, ukigusa dari, ukishuka kwenye dashibodi. Nikautazama ukipita mbele ya lile tundu dogo lenye wavu. Kitabu kilisema injini ikiwaka tundu lile hupumua. Moshi ulipaswa kuingia pale kama uzi kwenye sindano. Haukuingia. Ulipita kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Nilifungua mlango kwa nguvu kiasi kwamba Mama Halima alidhani gari limeshika moto.

"Bado haijaiva," akasema.

"Imeiva, Mama. Imeiva kabisa."

Niliutoa wavu kwa bisibisi. Ndani ya kijia kile, mbele ya kihisio, mlikuwa na kashata. Sukari na utomvu wa Alhamisi nyingi vilikuwa vimenata, vumbi la Isiolo likanata juu yake, Alhamisi nyingine ikapaka tena, mpaka njia ikazibwa kama chupa. Mimi nilikuwa nimekipima kihisio kwa nyuma, na kwa nyuma kilikuwa kisafi.

Sasa mtambo ukaeleweka. Kwa kuwa hewa ya garini haikufika, kihisio kilipata habari za bomba la hewa ya mtambo lililokuwa nyuma yake tu. Bomba likipitisha hewa baridi, kihisio kinaripoti kwamba wenye gari wanaganda, na kisanduku kinaleta moto. Bomba likipata moto, kinaripoti kwamba wanaungua, na kisanduku kinaleta baridi. Gari lilikuwa linajijibu lenyewe, na Hajji alikuwa katikati ya mazungumzo.

Nilisugua kwa spiriti na mswaki wangu mwenyewe mpaka mswaki ukaisha. Nikaweka ishirini na mbili, nikakaa ndani na vioo vimefungwa. Nilikaa saa nzima. Hewa haikupanda wala haikushuka. Nilinukia kama bwana harusi, lakini sikutoka jasho.

Mama Halima alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu akinitazama. Hakuwa mjinga. Alichukua kipande cha ile kashata, akakinusa.

"Hii ni unsi yangu."

"Kidogo, Mama. Na vumbi."

"Hajji ameagiza kisanduku kutoka Nairobi kwa sababu ya unsi yangu?"

"Kisanduku niliagiza mimi, Mama. Kwa sababu ya diploma yangu."

Alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akaacha ghafla. "Akikuuliza utasema nini?"

"Nitasema vumbi."

"Uongo siku ya Alhamisi?"

"Vumbi lilikuwemo. Nitataja lililokuwemo."

Tukaafikiana. Nilichukua kizibo cha soda, nikakitia kitambaa ndani, nikampa. Kila Alhamisi aliziba tundu kwanza, akafukiza, akazibua. Kizibo kile kilidumu kuliko gari. Na nilimwandikia mwalimu wangu Uingereza barua nikieleza ugonjwa na tiba. Alijibu kwamba katika miaka yake yote hajaona jambo kama hilo, na akaomba nimpelekee unsi kidogo, mke wake angependa kuijaribu sebuleni.

Ijumaa Hajji alikuja baada ya swala. Tukaenda Leparua na kurudi. Safari hii hakuvua hata kofia.

"Ilikuwa nini?"

"Njia ya pumzi ilikuwa imezibwa, Hajji."

"Na nini?"

"Vitu vya hewani."

"Vumbi," akasema.

"Vumbi lilikuwemo."

Alinitazama kidogo, akanusa shati langu, akatazama barabara. Mpaka leo sijui alijua kiasi gani. Mume aliyeishi na mke miaka ishirini hujua mengi na huuliza machache.

Jumapili wazee wa Garissa walipelekwa Rapsu, mimi nikiwa nimekaa mbele karibu na dereva, mkono karibu na kigurudumu cha namba, kama daktari. Mkubwa wao alilala kabla hatujafika Kinna. Wa pili aliomba shuka. Walipofika kwenye migomba, mkubwa akaamka, akauliza kama jua la leo limeahirishwa. Posa ikakubaliwa kabla ya chai ya pili.

Malori yakawa yangu, na kila baada ya miezi mitatu mtamba akashushwa kwenye zizi nililokodi nyuma ya kibanda. Kibanda kikawa gereji, gereji ikapata ukuta. Mkuu wa Karakana alipokaribia kustaafu alikuja kuniuliza, akitazama pembeni, kwa nini jokofu la nyumbani kwake linavuja. Nilimtengenezea bure, na nilihakikisha anaketi palipoelekeana na diploma.

Nami sasa nimestaafu. Vijana wanaoshika mahali pangu wanachomeka kompyuta kwenye gari, na kompyuta inawaambia kipuri gani kimekufa. Sawa. Lakini kompyuta haijui Alhamisi. Kabla hujafungua boneti muulize mwenye gari, na zaidi umuulize mke wake, nani hukaa humo, anabeba nini, anafanya nini siku gani. Gari ni nyumba yenye magurudumu, na kila nyumba ina desturi zake. Hilo sikulipata chuoni. Nililipata nje ya kioo kilichofungwa, na wa kwanza darasani, na kitabu chake cha ziada, asingelipata.

Watu hutaka mtu amalize na siku ya kustaafu. Siku yangu ya kustaafu ilikuwa na keki na saa ya ukutani. Nitamaliza na siku nyingine.

Katika mwaka wa tatu wa malori, mtamba wa kumi na moja alipotimia, Hajji alinipa lori moja bila dereva, nikawabeba wote mwenyewe mpaka Korbesa. Mzee wangu aliwahesabu wakishuka, akapapasa kila tumbo. Tulipita nyumba kwa nyumba. Mmoja alilalamika rangi, maana wake alikuwa mweupe. Mwingine alidai wangu ana pembe za kijinga. Wote walipokea. Alasiri nilimwona mzee wangu akichukua fimbo, akateremsha ng'ombe wake kisimani, akasimama wa tatu. Aliyekuwa nyuma yake alisogea kumpa nafasi kana kwamba hakuwahi kuondoka hapo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Akko Dabo, yaani Bibi Dabo, kizee asiyeona vizuri, aliyekuwa ametoa mtamba wake pekee. Alimshika yule mpya masikioni, akamshika mgongoni, akanusa pua yake.

"Ni mzuri," akasema. "Sasa deni limekwisha?"

"Limekwisha, Akko. Wewe ndiye wa mwisho."

"Miaka minane nimekuombea kila alfajiri, kwa jina lako. Usianguke na ndege. Usigongwe na gari. Usiugue kifua kwenye nchi ya mvua."

Nikamshika mkono, nikamwambia sikujua kwamba ananipenda kiasi hicho.

"Nilikuwa namwombea mtamba wangu," akasema. "Amerudi. Kuanzia kesho utajiombea mwenyewe."

Nilirudi Isiolo na lori tupu, nikiendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maishani.